Naombeni ushauri: nibaki na dola au nirudi kwenye shilingi?

Mleta uzi (Mombasa, Februari 2024): Ndugu wanajamvi, hofu kwamba Kenya itashindwa kulipa dola bilioni 2 za Eurobond ya 2014 (mkopo wa serikali kwa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje), zinazoiva Juni, ndiyo iliyoifikisha dola kwenye shilingi 160 mwezi Januari, nami nikabadilisha nusu ya akiba kuwa dola. Sasa serikali imekopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kupunguza deni hilo, na shilingi imeanza kupata nguvu. Nimalizie nusu iliyobaki, au nirudi nyuma?

Mzee wa Likoni: Mwanangu, tatizo si dola, ni riba. Mkopo wa 2014 ulikuwa na riba ya asilimia 6.875, na huu wa kuulipa ni asilimia 9.75. Serikali ikibanwa na riba hiyo, sisi tunaoidai tunasubiri: mimi nilipeleka maharagwe na unga kwenye shule ya umma. Kila nikifuatilia malipo naambiwa fedha hazijashuka, ilhali riba ya benki kwenye mkopo wangu haisubiri.

Karani wa Hesabu: Kaka, akiba hiyo ni ya nani, na inahitajika lini?

Mleta uzi: Ni ya chama chetu cha kuweka akiba, mimi ni mweka hazina, na tunagawana Aprili. Sikuwauliza wenzangu kwa kuwa bei ilipanda asubuhi na jioni, na nilitaka kuwalinda.

Ummu Salma: Amana haichezewi, hata kwa nia njema.

Mpekuzi: Siiamini hadithi hii. Kwanza akiba ilikuwa yake, sasa ni ya chama. Nashuku ni muuza dola anayetafuta wanunuzi wakati bei inashuka.

Mleta uzi: Sikusema ni yangu. Risiti ninayo, imeandikwa shilingi 163 kwa dola, nami nimeibana kwenye daftari la michango.

Karani wa Hesabu: Iwe kweli au uongo, wako wengi walio katika hali hiyo. Ukifikiria hatifungani ya miundombinu ya mwezi huu, ambapo serikali inakopa kwa wananchi na benki, inalipa asilimia 18.46 bila kodi, ndiyo maana benki haioni haja ya kumkopesha mwenye duka. Lakini ni ya miaka 8 na nusu, haifai kwa fedha za Aprili. Usinunue dola nyingine. Itisha kikao wiki hii.

Mleta uzi: Nitaitisha bei ikirudi nilikonunulia.

Karani wa Hesabu: Wanachama wataanza kwa kuuliza tarehe ya risiti, kaka, si bei.