Naomba ushauri: maonyesho ya skii yafanyike Denver au Salt Lake City?

Habari zenu wakuu. Nipo Colorado, nina duka dogo la kukodisha skii, zile mbao za kuvaa miguuni kuteleza kwenye theluji. Chama chetu cha wenye maduka kinatuuliza maonyesho ya biashara yafanyike mji gani. Las Vegas hoteli ni tele, ila mwaka 2010 maonyesho makubwa ya skii yalihama huko kuja Denver, na naona walifanya vyema: mnunuzi anataka aijaribu skii kwenye theluji. Tatizo la Denver ni barabara ya I-70 ya kwenda milimani, wikendi foleni haisogei kabisa. Salt Lake City, wenyeji wa Olimpiki ya 2002, ukitua tu milima hiyo hapo. Moyo wangu uko huko. Waliowahi kukodi banda miji hiyo, gharama zikoje? Tunapiga kura Ijumaa.