Ushauri: Maji ya mashambani yanaingia kisimani na mtoni Lukuledi. Sheria ndogo ya kijiji tuiandikeje?

Jumuiya_Maji_Mtama (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Kijiji chetu kipo bonde la Lukuledi, Halmashauri ya Mtama. Tunatumia kisima cha ringi chenye pampu ya mkono, kina mita 9, na kaya nyingine zinachota mtoni. Juu ya kisima, kama mita 40, kuna bustani za nyanya na mchicha zinazowekwa urea na mbolea ya kuku. Juu zaidi ni mikorosho kwenye mteremko. Upande wa mto, mpunga umelimwa mpaka ukingoni.

Mvua za Desemba zikianza, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa na kisima nacho kinachafuka. Mabomba ya kupulizia yanasuuzwa mtoni. Halmashauri ya kijiji imeiagiza jumuiya ilete rasimu ya sheria ndogo kabla ya msimu. Wapo wanaotaka iwe sentensi moja tu, "marufuku kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni", na wapo wanaotaka salfa, unga unaopulizwa kwenye mikorosho, ipigwe marufuku moja kwa moja. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: tuandike kitu gani kitakachotekelezeka?

Mita_za_Chini

Mkuu, kabla ya kuandika neno lolote tenganisheni uchafu kwa njia unayosafiria, maana hapo ndipo sheria nyingi za vijiji zinakwama. Udongo, fosfeti, na viuatilifu vinavyong'ang'ania udongo vinakwenda na maji yanayotiririka juu ya ardhi. Hivyo unavizuia kwa nyasi na matuta. Naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni inayotokana na urea na samadi, haing'ang'anii kitu. Inayeyuka, inazama na maji kupita kwenye mchanga, inakwenda kisimani. Ukanda wa nyasi kando ya mto hauisaidii kisima chochote kilicho mbali na ukanda huo. Tena ukichimba mashimo ya kuvunia maji ya mvua mita chache juu ya kisima, umepunguza mtiririko lakini umeisukuma naitreti chini haraka zaidi. Wataalamu wa mazao huyasifia mashimo hayo, na shambani ni mazuri kweli, ila yasikae juu ya chanzo cha maji.

Kisima chenu kina dalili ya kusoma. Kama kinachafuka ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa, maji ya juu yanaingia moja kwa moja: pembeni ya ringi, kwenye maungio, au chini ya sakafu iliyopasuka. Huo ni ubovu wa kisima, na sheria ya kilimo haiutibu. Chimbeni kuzunguka ringi mpaka mita 3, mzibe maungio kwa saruji, mrudishie udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa na kushindiliwa kila sentimita 15. Kisha mwage sakafu ya zege yenye upana usiopungua mita 1.5 pande zote, iwe na mteremko na mfereji wa kutoa maji mbali. Juu ya kisima chimbeni mfereji wa kukinga unaoyapitisha maji ya mvua pembeni.

Maji yakiwa meupe lakini naitreti inapanda, hapo tatizo ni bustani. Hesabu yake inatisha. Nusu mfuko wa urea, kilo 25, una kilo 11.5 za naitrojeni. Ikigeuka yote kuwa naitreti na kufika ardhini ni kama kilo 51, na kiasi hicho kinatosha kufikisha lita milioni moja za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 kwa lita. Kwa kawaida haifiki yote, mimea inachukua sehemu yake, lakini mnaona jinsi mabaki kidogo yanavyotosha kuharibu kisima kifupi.

Na watu waambiwe wazi kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua, naitreti inabaki. Klorini nayo haiigusi. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo.

Ugani_Kusini

Naongezea upande wa shamba, nikianza na salfa kwa sababu inasingiziwa mambo yasiyo yake. Salfa ya unga inapulizwa kiangazi dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe), mikorosho inapotoa maua. Maji machafu ya Desemba hayatokani nayo, hayo ni udongo uliolimwa ukaachwa wazi. Madhara ya salfa yanakwenda taratibu. Inageuka asidi kwenye udongo wetu wa kichanga ambao hauna nguvu ya kuizuia. Ukipuliza gramu 250 kwa mti, raundi 5, kwenye ekari ya miti 28 (nafasi ya mita 12 kwa 12), unamwaga kilo 35 kwa mwaka, na kuizimua asidi yote hiyo kunahitaji kama kilo 109 za chokaa ya kilimo. Kwa hiyo marufuku ya salfa itaua korosho na mto utabaki na tope lilelile. Andikeni badala yake kwamba kupuliza kufanyike alfajiri upepo umetulia, na mashine isielekezwe upande wa mto au kisima.

Cha kuogopa zaidi ni dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi. Zinashikamana na udongo, na kiasi kidogo sana kikiingia majini kinaua samaki. Bomba lisichovywe mtoni wala lisisuuzwe hapo, maji yachotwe kwa ndoo safi. Chupa ikiisha, tia maji robo yake, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba, rudia mara tatu, kisha itoboe isije ikawekewa mafuta ya kula. Maji ya kusuuzia bomba yapulizwe kwenye mistari ileile ya zao, yasimwagwe sehemu moja.

Mbolea: urea ya kukuzia igawanywe mara mbili au tatu, ifukiwe sentimita 5, isiwekwe wingu la mvua kubwa likiwa limeshafunga. Lundo la mbolea ya kuku likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, juu ya udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, lifunikwe kwa makuti. Lundo wazi linalonyeshewa msimu mzima ni baya kuliko bustani yenyewe.

Kwenye mteremko wa mikorosho pandeni vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu) kwa kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, mvua zikishika, mashina yaachane sentimita 10 hadi 15. Mteremko wa asilimia 5, mistari ikitofautiana kimo cha mita 1.5, inaachana mita 30. Pimeni kwa fremu ya A (miti iliyofungwa umbo la A, katikati kamba yenye jiwe), na kila asubuhi igeuzeni miguu kuhakikisha kamba inarudi kwenye alama ileile, la sivyo "kontua" yenu itakuwa mfereji. Kosa linaloonekana sana ni kuacha pengo la njia ya ng'ombe au baiskeli katikati ya mstari. Maji yote yanakimbilia pale, na baada ya misimu miwili mna korongo. Ukanda wa nyasi unachuja maji yaliyotandaa. Yakishakusanyika kwenye mkondo yanaulaza na kupita, kwa hiyo penye mkondo pangeni kwanza mawe ya kuyatawanya.

Mpunga_Bondeni

Naheshimu michango, ila tusemane ukweli. Mita 60 kwa mwenye jaruba lenye urefu wa mita 100 kando ya mto ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Wengi hapo bondeni hawana zaidi ya hiyo. Mkiandika hivyo mtapigiwa makofi mkutanoni, halafu Januari kila mtu yuko shambani na mgambo ni shemeji yake.

Sheria_Ndogo

Ndugu Mpunga, hofu yako ina msingi, lakini mita 60 haikutungwa na kijiji. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Inazuia shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya kingo za mto, ziwa, bahari au bwawa. Sheria ndogo haiwezi kuipunguza. Mkiandika mita 20, wilaya itaikataa rasimu.

Kijiji kinachoweza ni kuweka utaratibu wa kuitekeleza. Mfano, msimu wa kwanza wekeni vigingi vya mpaka na mzuie kufyeka, kuchoma na kulima kwenye mita za karibu kabisa na maji, pakiwa na majani ya mifugo yanayokatwa bila kung'oa. Wenye majaruba waorodheshwe kwanza, na waulizwe ni nani ana eneo jingine. Hatua hizo mzipeleke kwa maandishi Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yake ipo Mtwara, na kwa afisa mazingira wa wilaya, ili isije ikaonekana kijiji kimehalalisha kilimo ukingoni.

Kila kosa liandikwe kwa namna ambayo mgambo na futi kamba wanaweza kulithibitisha. "Asichafue maji" haithibitiki. "Asisuuze bomba la kupulizia ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kisimani" inathibitika. Adhabu ya kwanza iwe kurekebisha, yaani kupanda nyasi au kuhamisha lundo ndani ya siku 14. Faini ifuate.

Taratibu ni za Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ambatisheni muhtasari na mahudhurio yenye sahihi. Faini itakayotozwa kabla ya idhini ni batili na mtendaji anaweza kushitakiwa.

Jumuiya_Maji_Mtama

Ahsanteni sana. Kisima kinachafuka siku ileile ya mvua, kwa hiyo tunaanza na sakafu na ringi. Je, vipimo vya naitreti tuvichukueje ili bustani zisiguswe kwa kukisia?

Mita_za_Chini

Chukueni mara tatu: Oktoba maji yakiwa chini, ndani ya wiki baada ya mvua kubwa ya kwanza, na Mei mvua zikikoma. Pigeni pampu dakika 5 kwanza. Chupa ya plastiki ya naitreti isuuzwe mara tatu kwa maji hayohayo, ijazwe mpaka juu, iwekwe kwenye kibebeo chenye barafu na ifike maabara ya maji Mtwara ndani ya saa 24. Chupa ya vimelea ni nyingine, inatoka maabara ikiwa imeshasafishwa, hiyo msiisuuze. Pimeni vyote viwili. Naitreti ikipanda pamoja na vimelea vya kinyesi, mkague pia choo kilicho jirani kabla ya kumlaumu mwenye bustani.

Majibu yakija, ulizeni kipimo kimeandikwa kama naitreti au kama naitrojeni. Miligramu 11.3 za naitrojeni ni sawa na 50 za naitreti. Karatasi yenye 12 inaweza kuonekana salama kabisa kumbe kisima kimeshavuka kikomo.