Naomba ushauri: Subaru STI lililotumika, matairi ya mbele hayalingani na ya nyuma. Ninunue mawili au manne?

Mwana-Kampemba

Ndugu zangu, papa na mama mlio humu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninakusudia kununua Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2008, lenye usukani upande wa kulia, lililotoka Japani na kupitia Dar es Salaam na Zambia hadi kuingia kwetu Kasumbalesa. Muuzaji anataka dola 7,500. Injini inawaka vizuri asubuhi, turbo haitoi moshi, karoseri (bodi) haina kutu na karatasi za duane, yaani forodha, zipo. Kinachonizuia kutoa pesa ni matairi. Ya mbele ni Bridgestone Potenza, ya nyuma ni ya chapa ambayo sijawahi kuisikia, na yote manne yamepakwa dawa nyeusi hata yanang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Kipimo ni 245/40R18 kote.

Muuzaji anasema nisijali, kwamba nitanunua mawili ya nyuma tu na mambo yatakuwa yamekwisha. Nimeuliza bei mjini: tairi moja jipya la kipimo hicho, la chapa inayojulikana, ni dola 190. Mawili ni 380 na manne ni 760, na tofauti hiyo kwa mfuko wangu si ndogo. Nitajuaje hali halisi ya matairi hayo? Je, mawili yanatosha? Na kama hayatoshi, ni haki nimpunguzie muuzaji kiasi gani? Gari litatembea mjini, na mara moja kwa mwezi nitakwenda nalo Likasi kwa wazazi.

Fundi wa Katuba

Mdogo wangu, kabla ya kupima chochote mwombe muuzaji ruhusa ya kuyaosha matairi hayo kwa maji, sabuni na brashi, kwa maana dawa ile hufunika nyufa ndogo za ubavuni ambazo ndizo zinazoeleza uzee wa mpira. Akikataa, umekwisha kupata jibu.

Yakishakauka, tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na ukibahatika vibaya upande huo ndio unaotazama ndani, hivyo beba tochi na gunia la kulalia. Watengenezaji wakubwa, Michelin mmojawapo, wanashauri tairi likifikisha miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifikisha miaka 10 liondolewe hata kama meno yake bado ni marefu. Kwa gari lenye nguvu kama hilo mimi nisingesubiri hiyo 10.

Kisha pima kina cha meno. Ulaya watu huchomeka sarafu, ila sisi sarafu tulishazisahau, labda uwe na ngwee za Zambia zilizobaki mfukoni. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke katika mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha uilinganishe na rula ya mtoto wa shule. Tairi jipya huwa na takriban milimita 8. Ndani ya mifereji mikuu utaona vijituta vya mpira vilivyo kwenye milimita 1.6; meno yakishuka hadi kulingana navyo, tairi hilo limekufa, ingawa mvua ya Januari barabara ya Kasenga itakuwa imekwisha kukuonya tangu milimita 3. Na kama mifereji ni mirefu lakini vijituta vimekatwa katikati kwa kisu, ujue kuna mtu aliyelichonga upya tairi kipara. Liache pale pale.

Usipime mahali pamoja. Pima ndani, katikati na nje, kwa kila tairi, halafu uandike namba zote na utuletee hapa. Namba hizo ndizo zitakazotueleza gari limeishije.

Chuma cha Likasi

Kwa maoni yangu mnamtisha kijana bure. Mimi natumia matairi yaliyotumika kutoka Ulaya, ninayanunua kando ya barabara kwa dola 50 au 60, na ninakwenda Kolwezi na kurudi bila tatizo. Anunue mawili ya namna hiyo ya nyuma, abakize pesa ya mafuta, kwa sababu STI linakunywa.

Papa wa Kamalondo

Ndugu yangu wa Likasi, ninakuheshimu, lakini gari lako nadhani linasukumwa na magurudumu mawili. STI linasukumwa na yote manne wakati wote, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati inayogawa nguvu. Difu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya tofauti ya mizunguko inayotokea kwenye kona, ambayo huja na kuondoka. Ukifunga matairi marefu mbele na mafupi nyuma, unaipa tofauti isiyokwisha hata barabara ikiwa imenyooka, nayo hufanya kazi mfululizo, hupata joto na kujila.

Tufanye hesabu pamoja. Tairi la 245/40R18 lina kipenyo cha milimita 653 hivi, na mzingo wake ni kama milimita 2,050. Subaru wenyewe wanataka mizingo ya matairi yote manne isipishane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Kila milimita moja ya meno inayopungua huondoa zaidi kidogo ya milimita 6 kwenye mzingo, kwa hiyo ruhusa yote uliyo nayo ni tofauti ya milimita moja tu ya meno kati ya tairi na tairi. Ukiwa na milimita 6 mbele na 3 nyuma, mizingo inapishana kwa karibu milimita 19. Kutoka hapa hadi Likasi ni takriban kilomita 120, na katika safari hiyo matairi ya nyuma yatapiga mizunguko ya ziada zaidi ya 500 kuliko ya mbele. Difu ndiyo inayolipa deni hilo, na deni la difu haliishii dola 380.

Ndiyo sababu yale mawili mapya anayoyapendekeza muuzaji hayakufai. Hata chapa mbili tofauti zenye kipimo kilekile kilichoandikwa ubavuni zinaweza kupishana kidogo kwa kipenyo halisi. Nunua manne, ya chapa moja na aina moja, au usinunue gari. Lakini kuna swali kubwa kuliko la matairi: gari limetembea hivyo kwa muda gani?

Mama Dereva wa Ruashi

Naunga mkono, na naongeza jambo la ubavu, kwa kuwa limenifika. Mwaka juzi niliingia shimo lililojaa maji, nikasikia kishindo, nikashuka, nikaona tairi halijatoka upepo, nikaendelea na safari. Baada ya siku chache kukaonekana uvimbe ubavuni, mdogo kama nusu ya limau. Kwado, yaani fundi wa kuziba matairi, alinishauri niongeze upepo kidogo tu. Namshukuru Mungu kwamba lilipasuka nikiwa ninaingia uani nyumbani, si nikiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa. Uvimbe maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika na upepo umezuiwa na ngozi ya mpira peke yake. Hakuna kiraka wala gundi inayoponya hilo. Kwa matairi yenye 40 katika kipimo, ambayo ubavu wake ni chini ya sentimita 10, shimo moja linatosha. Pitisha kiganja ubavuni pande zote mbili, hata ule wa ndani, kwa kuwa mkono huona kile ambacho jicho limekikosa.

Tazama pia kama kuna neno STUDLESS limeandikwa. Magari yanayotoka sehemu za baridi za Japani huja nayo: ni matairi ya theluji, yenye mpira laini mno, na joto letu la Oktoba huyamaliza upesi, tena breki haziwi imara.

Mwana-Kampemba

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimeyaosha, na muuzaji alinung'unika lakini hakukataa. Mbele: tarakimu 3519 yote mawili, meno milimita 6 ndani, katikati na nje, hakuna ufa. Nyuma: tarakimu 1113, zilikuwa upande wa ndani kama yaya (mkubwa wangu) Fundi alivyosema, meno ni milimita 4 nje, 3.5 katikati, na 1.8 ndani, karibu sawa kushoto na kulia. Chini ya dawa kuna nyufa ndogo nyingi. Kushoto nyuma, ubavu wa ndani, kiganja kilikuta uvimbe. STUDLESS haipo.

Fundi wa Katuba

Matairi ya nyuma yametoka kiwandani mwezi wa tatu wa 2013, yamezeeka, yameisha ndani, na moja lina uvimbe. Hayo hayana mjadala. Usiende nayo hata kituo cha mafuta kilicho mbali.

Sasa tusome kule kuisha. Upepo ukiwa mdogo kwa muda mrefu, tairi huisha kingo zote mbili. Ukizidi, huisha katikati. Amotiseri (shokapu) zikichoka, meno huwa na mabonde na vilima ukizungushia mkono. La kwako limeisha ndani tu, na kwa pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo siamini kwamba ni ajali iliyopinda upande mmoja. Ama springi zimeshushwa ili gari lionekane limelala, na magurudumu yakainama kuelekea ndani, ama paralelizimu (ulinganifu wa magurudumu) ya nyuma haijawahi kuguswa tangu mpira wa mikono inayoshika magurudumu uchoke. Vijana wengi hupima mbele tu na kusahau kwamba gari hili hurekebishwa hata nyuma. Ukifunga matairi mapya bila kulisahihisha hilo, utayala makali yake ya ndani kabla ya mvua mbili kupita. Weka paralelizimu ya magurudumu yote manne, pamoja na kukagua mipira ya mikono, kwenye hesabu ya bei.

Papa wa Kamalondo

Kwa tofauti ya milimita 2 hadi 4 kati ya mbele na nyuma, difu lazima ijaribiwe kabla ya kulipa. Tafuta uwanja mpana, mkavu, wenye lami au saruji. Karibu na giya kuna kitufe cha kuongoza difu ya katikati; kiweke kwenye hali ya mkono, ufungue difu hadi mwisho, kisha ukate usukani wote na uzunguke polepole sana kwa giya ya kwanza, kushoto na kulia. Gari linatakiwa kuteleza kwa wepesi bila kurukaruka. Halafu ifunge hadi mwisho na urudie mzunguko mmoja mfupi tu: hapo linatakiwa kukaza na kusukumana, kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Likikaza katika hali ya kufunguliwa, au lisipokaza kabisa katika hali ya kufungwa, usibishane tena bei. Rudi nyumbani.

Kuhusu bei, mpe muuzaji hesabu iliyoandikwa: matairi manne dola 760, juu yake paralelizimu na mipira kwa bei atakayokupa fundi wako. Usimwambie "punguza kidogo." Mwonyeshe namba 1113 na uvimbe, aweke mkono wake mwenyewe.

Chuma cha Likasi

Nimesoma hesabu ya mizunguko na nimekubali. Kweli langu ni la magurudumu mawili.

Mwana-Kampemba

Ninarudi na taarifa. Jana tulijaribu kwenye uwanja wa saruji wa ghala la mjomba. Difu ikiwa imefunguliwa, gari lilizunguka kwa wepesi kushoto na kulia; ilipofungwa, lilikaza na kurukaruka kama Papa alivyoeleza, nami nikaacha mara moja. Fundi alilipandisha akakuta springi si za kiwandani, zimeshushwa, na mipira miwili ya mikono ya nyuma imepasuka. Kazi hiyo pamoja na paralelizimu ni dola 140. Nilimwekea muuzaji karatasi ya dola 900. Alikaa kimya kitambo, akashika ule uvimbe, akakubali 6,650. Springi za kiwandani nitazitafuta baadaye.

Swali la mwisho kwa yaya Fundi: kuna mtu ananiuzia janti (rimu) za inchi 17. Je, zingenisaidia na mashimo, au nitaharibu ile hesabu ya mizingo?

Fundi wa Katuba

Hesabu haiharibiki ukichukua 245/45R17. Kipenyo chake ni milimita 652, pungufu ya la sasa kwa milimita moja hivi, na ubavu unapanda kutoka 98 hadi 110, jambo ambalo shimo la Lubumbashi litaliheshimu. Lakini kaliperi (vibano vya breki) za Brembo za mbele ni nene, na si kila janti ya 17 inayozipita. Chukua moja, ifunge mbele, izungushe kwa mkono gari likiwa juu, na uone kama kidole chembamba kinapita kati ya janti na kaliperi. Matundu ya boliti yawe matano kwenye duara la milimita 114.3, si 100 kama ya STI za mwanzo. Unaponunua mpira, angalia herufi ya mwendo: W ni kilomita 270 kwa saa na H ni 210. Wauzaji watakupa H kwa bei nafuu, nayo haikulingana na gari hilo lilipotoka kiwandani. Ukishafunga, yabadilishane nafasi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 ili yaishe pamoja, na upepo uupime asubuhi yakiwa baridi, kwa namba za kibandiko cha mlangoni.

Janti zikikataa kupita kaliperi, baki na za 18 na upunguze mwendo unapopita komini ya Kenya hapa mjini.