Tupeane uzoefu: sarafu ya zamani iliyokutwa nyumbani, unaitambuaje na unaihakikije?

Kibubu
Wakuu, salaam. Kila kasha la marehemu likifunguliwa au kibubu cha zamani kikivunjwa hutoka sarafu, na papo hapo wenye nyumba wanagawanyika. Huyu anasema ni mali, yule anasema ni chuma chakavu, wa tatu keshaishika anaisugua kwa majivu. Wanaozijua sarafu zilizozunguka pwani na bara, naomba muandike hapa vipimo, maandishi na dalili za bandia. Habari za nani alitajirika tuziachie nyuzi nyingine.

Mizani ya Sonara
Kabla ya kuuliza bei tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia upana, na sumaku.

Tuchukue rupia ya Mjerumani, ndiyo inayoulizwa sana. Uzito gramu 11.66, upana milimita 30 na ushee, fedha sehemu 917 katika 1000, ukingo wa meno. Iliyotumika sana hushuka hadi 11.4 hivi. Ikisoma 9 au 13, ishuku. Upande wa kichwa ni Kaisari amevaa kofia yenye tai juu, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Za kampuni ya Wajerumani, kuanzia 1890 hadi 1902, nyuma zina simba na mnazi pamoja na DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Za serikali, 1904 hadi 1914, zina DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Angalizo: rupia ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria ilizunguka huku miaka mingi na uzito wake ni huohuo 11.66. Mizani haitakutofautishia, soma maandishi. Na iliyoandikwa 1862 si lazima iwe ilifuliwa mwaka huo, maana India waliendelea kutumia tarehe hiyo hadi 1874.

Sumaku ikidaka, hiyo ni chuma kilichopakwa. Isipodaka bado hujathibitisha kitu: shaba, risasi na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazidakwi.

Nyundo na Fuawe
Mkuu hapo kwenye sumaku umesema kweli tupu. Watu wengi wanaishia kwenye sumaku wanatangaza fedha.

Mizani ya Sonara
Ndiyo maana kuna kipimo cha maji, na hakiharibu sarafu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikining'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halisi ya 11.66 itaonyesha kama 1.13, yaani msongamano wa 10.3. Ya shaba na nikeli yenye uzito huo itaonyesha 1.31. Ya risasi tupu itashuka hadi 1.03.

Kinachowakosesha watu ni mapovu. Povu likishika kwenye meno ya ukingo, namba inapanda na sarafu nzuri inaonekana bandia. Ichovye, itikise, izamishe tena, rudia mara tatu. Ikiwa na kitanzi cha mkufu kilichochomelewa, kipimo hiki hakina maana, kwa sababu unapima na lehemu.

Mwana wa Forodhani
Wa Unguja na Pemba, ile ya shaba nyekundu yenye mizani ni pesa ya Sayyid Barghash. Tarehe iko kwa tarakimu za Kiarabu, ١٢٩٩. Kuigeuza kuwa miladi, zidisha 1299 kwa 0.97 ujumlishe 622, unapata 1882. Wengi wanasoma ٩ vizuri kisha wanakwama kwenye ٢ na ٣: ٣ ina meno mawili juu, ٢ ina moja. Na ٥ ni duara, msiiite sifuri. Sifuri ni nukta.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna sarafu tatu zenye mizani na zote zinaokotwa pwani hii. Ya Barghash ina Kiarabu pande zote mbili. Ya kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa ina neno MOMBASA na mwaka 1888. Ya Bombay imeandikwa EAST INDIA COMPANY, nayo ni ya kabla ya hizo mbili, miaka ya 1830. Anayeona mizani tu akaita "ya Sultani" anaweza kuwa ameshika ya Bombay. Geuza, tafuta herufi za Kizungu.

Ukwaju Mbichi
Nyote mnapima sarafu chafu. Isafisheni kwanza jamani. Ndimu na chumvi, au ukwaju, dakika tano inang'aa na maandishi yanasomeka. Masufuria ya shaba yamesafishwa hivyo tangu enzi.

Fundi Kalibu
Ndugu yangu, naomba usiendelee, na aliyeshika ndimu muda huu aiweke chini anisome mpaka mwisho.

Sufuria ni la kupikia, linahitaji kung'aa. Sarafu inahakikiwa kwa ngozi yake. Shaba ikikaa miaka mia inajenga utando wa kahawia au mweusi, mwembamba, umeshikana na metali. Utando huo ndio unaozuia kutu kuingia ndani, na ndio ambao mghushi anahangaika kuuiga akishindwa. Asidi ya ndimu inauyeyusha. Chini yake unabaki uso wa waridi, mkavu, wenye vishimo. Baada ya siku chache uso huo unashika madoa kwa sababu hauna kinga tena.

Mbaya zaidi ni heller 20 (heller ni sarafu ndogo ya Mjerumani, chini ya rupia) za Tabora za 1916. Zilifuliwa vitani, kwenye karakana ya reli, wakati meli hazileti tena sarafu kutoka Ujerumani, na nyingi ni za shaba ya njano, yaani shaba yenye zinki. Ukizitia kwenye asidi, zinki ndiyo inayotoka kwanza. Sarafu ya njano inatoka na mabaka mekundu, na hakuna dawa duniani ya kuyarudisha manjano. Anayekuja kuitazama atauliza: hii ilifuliwa kwa shaba nyekundu au ya njano? Maana zipo zote mbili, na jibu umeshalifuta. Kisha anatafuta alama: taji kubwa au dogo, ncha za herufi L katika HELLER zimejikunja au zimechongoka. Ndivyo wanavyotenganisha mihuri, yaani vyuma vya kupigia chapa, iliyotumika. Ukiongeza waya wa kusugulia masufuria, ncha zile zinalainika, na sarafu iliyokuwa ya kuzungumziwa inabaki kipande cha metali chenye mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Mikwaruzo hiyo huonekana kwa jicho tu, ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Cha kufanya ni hiki: asetoni halisi kwenye bakuli la kioo, izamishe dakika kumi na tano, itoe kwa kibano, iache ikauke yenyewe. Asetoni inatoa mafuta, gundi na utepe, haiigusi metali. Usitumie ya kuondolea rangi ya kucha, ina mafuta na manukato. Fanya nje, mbali na moto. Udongo uondolewe kwa maji yaliyochujwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Nasema MAJI ya betri, si asidi ya betri. Chupa zinafanana, soma lebo mara mbili.

Ukwaju Mbichi
Fundi, asidi ya ndimu ni chakula, huwezi kuilinganisha na ya betri. Na sarafu isiyosomeka nani ataitambua?

Fundi Kalibu
Isiyosomeka isomwe kwa mwanga. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu sawa na meza upande mmoja wa sarafu, piga picha, izungushe robo, piga tena. Herufi zilizofutika zinatoa kivuli. Hilo ndilo jibu langu na sitoki hapo.

Bi Mkufu
Mimi nakubaliana na Fundi kwa shaba, lakini kwenye fedha maji ya uvuguvugu na sabuni laini hayana ubaya, mradi usisugue, ukaushe kwa kugusisha kitambaa.

Mwana wa Forodhani
Kwa sisi wa chumvi ya bahari: kijani kigumu na laini kiacheni. Kijani cha unga, kinachofutika kwa kidole kisha wiki ijayo kimerudi, hicho ni kutu hai ya chumvi na kinakula shaba. Loweka kwenye maji yaliyochujwa, badilisha kila siku, wiki kadhaa, kausha kabisa, kisha hifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu. Itenge na wenzake.

Tembo wa Tabora
Wakuu, mbona hamgusi kubwa lao? Kuna rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Ukiisogeza, punje zinaifuata zenyewe. Wanunuzi wanatoka nje wanatafuta hiyo tu, wanaleta na mtaalamu wa kupima. Masharti yao ni mwenye mali achangie gharama ya vifaa vya kupimia kwanza.

Kibubu
Mkuu, inavuta kweli?

Nyundo na Fuawe
Hata mimi nasubiri jibu la hili.

Mizani ya Sonara
Haivuti. Fedha, shaba na dhahabu haziivuti punje ya mchele, na hakuna sarafu iliyofuliwa na Mjerumani yenye nguvu hiyo. Mchele unaosogea umechanganywa na unga wa chuma, na sumaku iko chini ya meza au imefichwa kwenye mkono wa kanzu. Dai achukue mchele wa jikoni kwako, auweke kwenye sahani yako, mezani kwako. Utaona visingizio: leo hali ya hewa, leo kuna mwenye hirizi.

Mpango unakwenda hivi. Kwanza mtu mmoja anauliza mtaani kama kuna aliye nayo. Siku chache baadaye mwingine, asiyejuana naye, anakuja kuiuza. Kisha "mnunuzi" anatokea na bei ya kutisha, na mtaalamu wake anahitaji ada. Ada ndiyo biashara nzima. Ikilipwa, simu zote zinazimwa. Mnunuzi wa kweli wa sarafu anauliza picha za pande mbili na ukingo, uzito na upana. Hakuna anayehitaji uchangie vifaa.

Jina lako la Tembo wa Tabora nalo limetoka kwenye sarafu ya kweli. Ni rupia 15 za dhahabu, Tabora 1916, tembo mbele ya mlima na herufi T chini yake. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Zilifuliwa 16,198 tu, ndiyo maana bandia ni nyingi, na nyingine zilitengenezwa kama mapambo. Uzito wake ni gramu 7.16, upana milimita 22 hivi, dhahabu 750 katika 1000. Ya shaba ya njano yenye ukubwa huo itasoma kama gramu 4 tu. Tofauti hiyo unaihisi hata kiganjani.

Tembo wa Tabora
Ahsante mkuu. Hapo kwenye mchele wa jikoni kwako nimeelewa.

Bi Mkufu
Msimpelekee sonara aikwangue kwenye jiwe na kudondoshea asidi! Alama ya jiwe haitoki. Kwenye masoko ya madini kuna mashine inayosoma metali kwa mionzi, inakupa asilimia bila kugusa. Lakini inasoma juu juu, iliyopakwa dhahabu nene inaweza kuidanganya, kwa hiyo kipimo cha maji bado kinahitajika.

Na ile kubwa ya mama mwenye kifua, 1780, ambayo wazee waliiita reale ya Sham: gramu 28.07, upana karibu milimita 40, fedha 833 katika 1000, kwenye maji inasoma takriban 2.75. Mwaka 1780 usikupeleke mbali, ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyechorwa hapo, na viwanda vya nchi kadhaa viliendelea kuifua kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20. Tazama ukingo: IUSTITIA ET CLEMENTIA, herufi zimeinuka. Bandia ya kusubu, yaani ya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa, ina ukingo mtupu, au mstari wa mshono unaozunguka katikati.

Fundi Kalibu
Naongeza kwenye kusubu. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo bapani, herufi zenye mabega ya mviringo, na upana unapungua kidogo maana metali husinyaa ikipoa. Na ukiziona mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, zote zimetoka kwenye kalibu moja.

Mwana wa Forodhani
Sheria nayo. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya mpaka ni 1895. Vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, visivyo na tarehe, Kiarabu pande mbili na maneno yake yana vina, vikitoka ardhini msivichimbue vyote na kuvigawana. Piga picha vikiwa palepale, pima kina, waite watu wa mambo ya kale. Mahali vilipolala ndipo panapovitambulisha.

Kibubu
Nimepata mengi. Swali la mwisho: senti 10 yenye tundu, 1936, pembe mbili za ndovu. Wengine wanasema ni adimu kwa sababu mfalme alijiuzulu.

Mizani ya Sonara
Soma jina karibu na taji. Mwaka huo zilitoka za wawili, GEORGIVS V na EDWARDVS VIII. Edward, mfalme wa Uingereza, alijiuzulu Desemba 1936, lakini senti zenye tundu hazikuhitaji kichwa chake, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilifuliwa kwa wingi na kutumika. Si adimu. Ipime, iwe karibu gramu 11, kisha tafuta herufi ya kiwanda: H, KN, au hakuna kabisa. Tuma picha ya pande zote mbili tuione hiyo herufi, na usiisugue.