Mrejesho: mkono wa breki ya mbele uliokuwa ukizama

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini mkono wa breki ya mbele ya pikipiki yangu ulikuwa ukizama hadi kukaribia usukani, ilhali pedi zilikuwa bado nene. Nilianza kwa kutoa hewa kwenye kalipa (sehemu inayobana pedi kwenye diski) na kuweka mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4, kisha nikaufunga mkono kwa kamba ukiwa umebanwa usiku kucha, kama mlivyoshauri. Asubuhi ulikuwa mgumu, nami nikadhani kazi imekwisha, lakini baada ya siku mbili ulilegea tena. Ndipo nikafanya kipimo ambacho, nakiri, nilikuwa nimekipuuza: kuubana mkono kwa nguvu ileile bila kuuachia. Ulishuka polepole bila hata tone la mafuta kuvuja nje, dalili kwamba mafuta yalikuwa yakipita kando ya mipira ya pistoni ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye mkono). Nimebadilisha mipira hiyo na kutoa hewa upya, nikianzia kwenye boliti ya juu inayounga bomba na masta silinda. Sasa mkono hauzami, ingawa umebaki na ulaini kidogo, ambao nashuku unatokana na bomba la mpira la zamani nisilolibadilisha bado.