Tupeane uzoefu: mtunzi wa muziki wa filamu unayempenda akibadilika, unaenda naye au unabaki na kanda za zamani?

Mtoto_wa_Mwanga (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Jana hapa Mwanga, Kigoma mjini, umeme ulikatika, nikajilaza na simu nikaweka muziki wa Dune (2021), kazi ya Hans Zimmer. Mdogo wangu akainua kichwa: "Kaka, hiyo ni mashine ya kukoboa?"

Niliumia, kwa sababu moyoni nilishajiuliza hivyohivyo. Zimmer wangu mimi ni yule wa The Lion King, 1994, mwimbaji Lebo M anapasua alfajiri kwa sauti moja na mwili wote unasisimka. Na Gladiator ya 2000, sauti ya Lisa Gerrard. Hiyo tuliitazama kibanda umiza, jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mbao yanachoma makalio. Jina la mtunzi nilikuwa silijui, ila muziki wake niliupiga mluzi njia nzima hadi nyumbani.

Kuanzia Inception (2010) naona mwenzetu kahamia kwenye mngurumo. Wakubwa wamempenda hivyohivyo: The Lion King ilimpa Oscar ya kwanza, Dune ikampa ya pili mwaka 2022. Mimi bado namdai yule wa 1994. Nani mwingine yamemkuta? Shusheni.

Kitumbua_Moto
Wa kwangu A. R. Rahman, yule wa India. Dada yangu alikuwa na kanda ya Roja (1992), tunaiweka tukikaanga vitumbua alfajiri. Kihindi hatujui, tunaimba tu. Alipochukua Oscar mbili mwaka 2009 kwa Slumdog Millionaire nilishangilia, nikatafuta nyimbo zile, nikasikiliza mara moja, nikarudi kwenye Roja. Sina maelezo zaidi, vitumbua vinaungua.

Mzee_wa_Behewa
Niko Tabora. Sisi tulikua na sinema za kauboi za Ennio Morricone: mluzi, gitaa, mjeledi. Nilidhani yule bwana hajui kingine. Kumbe ametunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400, na za kauboi ni sehemu ndogo tu! Oscar ya kushindania kapewa 2016, ana miaka 87. Kwa hiyo vijana, pengine mtunzi hajabadilika, ni sisi tulichungulia dirisha moja tu la nyumba yake.

Mtoto_wa_Mwanga
Shikamoo mzee. Hiyo imeniingia.

Mwalimu_wa_Kwaya
Niwaambie upande wa pili, maana mimi ndiye ninayedaiwa. Nafundisha kwaya Kasulu. Wimbo wangu wa pili kuutunga, nikiwa kijana, una sauti mbili tu na kosa moja kwenye besi ambalo hadi leo linanikera. Huo ndio watu wanautaka. Harusi, msiba, ugeni wa kanisa, huohuo. Mimi nimeshajifunza kuandika sauti nne na kuachia kinanda kipumue, lakini nikileta kipya wanapiga makofi ya heshima.

Pasaka moja mama mmoja alinifuata nje, kiti chake cha plastiki mkononi. "Mwalimu, umetuimbia vizuri. Ule wetu utaurudisha lini?" Akasema "wetu". Nikaenda nyumbani nikatunga mwingine wa namna ile, mapigo yaleyale, hata lile kosa la besi nililirudisha makusudi. Wiki ya tatu ya mazoezi, bibi wa sauti ya kwanza akafunga daftari: "Huu si ungeacha tu tukaimba ule wenyewe?"

Nikauchana. Hiyo nguvu ya kuwa kijana asiyejua kitu siwezi kuitunga tena, na Zimmer sidhani kama anaweza. Akiwapa The Lion King nyingine mtasema kajirudia.

Kitumbua_Moto
Mwalimu, ila ule wa zamani si mnauimba bado? 😂

Mwalimu_wa_Kwaya
Jumapili ijayo, ibada ya pili.

Dagaa_wa_Giza
Mimi mvuvi. Interstellar (2014) niliisikia kwenye spika ya simu nikaona kelele tupu, kinanda cha mabomba kanisani huko London, Temple Church. Halafu siku moja giza la mwezi tuko katikati ya Ziwa Tanganyika, taa zimewashwa, tunasubiri dagaa wapande. Nikavaa hedifoni ya kijana wa injini. Kile kinanda kikaanza kuvuta pumzi. Chini yangu maji meusi yasiyo na mwisho, juu nyota. Nilivua hedifoni, niliogopa kweli. Lebo M hajawahi kunitisha. Mleta uzi, tafuta hedifoni kwanza ndipo ulalamike.

Mtoto_wa_Mwanga
Nimeazima za jirani, saa mbili sasa. Tatizo dogo wangu kazivaa yeye, anasikiliza mashine yake ya kukoboa macho kafumba. Nimemwita mara tatu.