Pampu, simtanki na Linux: nimeua kadi mbili, nifanyeje?

Mama Cherehani
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, kompyuta si fani yangu. Mtaani kwetu maji ya bomba ni ya zamu, na zamu yetu hupenda kuja saa nane usiku. Yanaingia kisima cha chini, halafu pampu ya hp 1 inayapandisha kwenye simtanki la lita 2,000. Nikipitiwa na usingizi linafurika, maji yanateremkia ukuta wa jirani, na asubuhi nasikia yangu.

Mtoto wa dada yangu akaniletea Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo inayowaka kwa kadi ya kumbukumbu), akaweka Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, akafunga sensa ya kupima kina, JSN-SR04T, juu ya simtanki pamoja na ESP8266, kidude cha kurusha vipimo kwa Wi-Fi, akarudi chuoni. Wiki tatu nilitamba: nasoma kina cha maji kwenye simu nikiwa kitandani. Umeme ukakatika. Uliporudi, Pi kimya. Kuchomeka kwenye tivii nakuta "Kernel panic - not syncing", yaani mfumo umegoma kuwaka.

Nikanunua kadi nyingine, nikafuata maelezo ya mtandaoni. Nikaambiwa niandike paswedi. Naandika, hakuna hata nukta! Nikaenda kuazima kibodi kwa jirani (si yule wa ukuta), kumbe Linux, mfumo unaoendesha hiyo Pi, ndiyo tabia yake, inaficha. Ikakubali. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika tena, na kadi hiyo nayo kwisha.

Sasa nikasome Linux yote kwanza ndipo nirudi kwenye pampu? Na hizi kadi zinakufa kwa nini?

Fundi Waya
Dada, Linux ngoja kwanza. Kompyuta ikifa wakati pampu inafanya kazi, nani anaizima? Kama ni wewe, bado hujafunga kitu. Nunua boya la umeme, lile la kuning'inia ndani ya tangi, lipitishe kwenye waya wa koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya kuwasha na kuzima mota. Tangi likijaa linakata lenyewe, Pi iwe hai au maiti. Lingine weka kisimani, pampu isije ikazunguka kavu.

Na kama huyo kijana kafunga mota moja kwa moja kwenye relei ndogo ya 10A (swichi inayoamrishwa na kompyuta), itoe leo. Hp 1 ni kama wati 750 ikishazunguka, ila wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Midomo ya relei inagandana na pampu haizimiki tena. Relei iamrishe kontakta, kontakta ibebe mota.

Babu wa Debian
Upande wa umeme sina la kuongeza. Kadi zinakufa kwa sababu Home Assistant inaandika kwenye hifadhidata yake kila baada ya sekunde chache. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili zinavurugika. Kwa hiyo achana na kadi. Huna laptopu kuukuu? Hata iliyopasuka kioo, mradi betri inashika nusu saa. Weka Debian, ni aina ya Linux, Home Assistant ikae ndani ya Docker, kama boksi la kuendeshea programu. Ukifunga mfuniko italala, basi fungua /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, uiwashe upya.

Kusoma Linux yote, nani kaisoma? Mimi nina kaunta buku la amri, mwaka wa sita huu, halijafika ukurasa wa nne. Na nyingi ni za kuuliza tu: df -h, diski imejaa? docker ps, nani yuko macho? journalctl -n 50, usiku kulitokea nini? Hizo hazivunji kitu, zipige mpaka vidole vizoee. Inayoanza na sudo, yaani inayotumia mamlaka ya mkuu wa mashine, ukiwa huielewi, usiibandike.

Mama Cherehani
Wiki mbili baadaye, narudi na ripoti. Boya limefungwa, kontakta inapiga "tak!" mpaka paka anakimbia. Laptopu ni ya yule kijana, kitufe cha E kimeng'oka, nakibonyeza kwa ncha ya sindano. Jana umeme umekatika saa tatu usiku, laptopu haikutetereka! Ila kwenye simu kina cha maji hakionekani kabisa. Nikapiga docker ps, kila kitu kiko macho. Sasa hapo tatizo nini, Babu?

Babu wa Debian
Umejitahidi, mama. Rauta ya Wi-Fi inakula umeme wa wapi?

Mama Cherehani
Wa ukutani.

Haya, nimeelewa.